Ndoana Imenasa Kwenye Mawe: Namna ya Kuitoa Ukivua Ukingoni Goma

Mvuvi wa ukingoni mwa Ziwa Kivu hapa Goma hana mchanga, ana volkano. Ukitembea kutoka Himbi kwenda Keshero, au ukisimama pale ambapo moto wa mlima Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulikatiza mji ukaingia ziwani, chini ya maji utakuta mawe meusi yenye matundu, nyufa na kingo kali. Ndoana yoyote ikigusa huko, mara nyingi hairudi kirahisi.

Wengi jibu lao ni kuvuta. Wanavuta mpaka mshipi unakatika, wanatukana kidogo, wanafunga ndoana nyingine. Hasara ya kwanza ni ya mfukoni: chambo bandia hakiuzwi bei ya mnyoo. Hasara ya pili inampata mtu mwingine. Familia nyingi za mji huu huchota maji ziwani, na watoto huingia na bidoni miguu mitupu, palepale kwenye mawe tunapovulia sisi. Ndoana uliyoiacha leo itakutana na unyayo wa mtu. Kwa hiyo ninapoeleza namna ya kutoa kilichonasa, kukata mshipi nakuweka mwisho kabisa, na hata huko kuna namna yake.

Maelezo haya ni kwa anayevua kwa fimbo au kwa mkono akiwa nchi kavu, kwenye maji yasiyozidi urefu wa mtu. Wenzetu wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, wanaotoka usiku na taa na nyavu zao, wana shida zao nyingine.

Jua kwanza ni nini kilichoshika

Mshipi ukisimama ghafla, acha mkono utulie. Ukaze taratibu mpaka usiwe na ulegevu, weka kidole cha shahada juu yake, halafu vuta kidogo sana huku ukisikiliza kwa kidole. Kuna mambo manne yanayoweza kuwa yametokea, na kila moja lina dawa yake.

Huenda ni ncha ya ndoana tu iliyoingia kwenye tundu. Hapo fimbo inapinda na kurudi, unahisi kitu kinacheza kidogo. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kuitoa, na ndiyo watu wanaiharibu zaidi, kwa sababu jiwe la volkano lina vitundu kila mahali na ukivuta kwa nguvu unaisukuma ncha mpaka chembe nayo, ule mwiba wa nyuma, inapita. Baada ya hapo haitoki bila kupinda au kuvunjika.

Huenda ni chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia, limeingia kwenye ufa. Dalili yake ni ugumu usio na uhai wowote. Ufa ni mpana juu na mwembamba chini, na kila unapovuta kuja kwako unalipigilia zaidi. Chubwi hutoka kwa njia lililoingilia. Nguvu za mkono hazibadilishi hilo.

Huenda mshipi wenyewe umezunguka jiwe, wala ndoana haijashika chochote. Kidole kitasikia msuguano, kama kukwaruza. Hapa usivute hata kidogo, maana kila sentimita inayopita juu ya ukingo wa jiwe inauchuna mshipi. Hama mahali uliposimama kwanza.

Na mara nyingine ni samaki. Kinachoshika kinasogea, kinatulia, kinasogea tena: kambare au tilapia kaingia chini ya jiwe na mdomo wake una ndoana. Legeza mshipi kabisa, ngoja dakika moja au mbili. Akiona havutwi tena mara nyingi hutoka mwenyewe, na hapo ndipo unapoinua fimbo upesi kabla hajarudi.

Mambo ya kufanya kabla ya kutupa

Maji ya Kivu ni maangavu, na hiyo ni bahati ambayo wavuvi wengi hawaitumii. Panda jiwe la juu jua likiwa mgongoni mwako, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, uangalie rangi. Weusi wenye mipaka ni jiwe lililo karibu na uso wa maji. Rangi ya kahawia au kijani iliyotanda ni mawe yenye mwani. Buluu inayoanza ghafla ni mahali ziwa linapoporomoka, na kwa upande huu wa Goma linaporomoka karibu sana na ukingo. Kumbuka nyufa mbili tatu na njia iliyo wazi kati yake. Ziwa likishachafuka kwa mawimbi ya mchana hutaona kitu, lakini utakuwa unajua.

Halafu tupa kwa pembe. Ukitupa moja kwa moja kuelekea kisiwa cha Idjwi, yaani katikati ya ziwa, chambo kinarudi kikipanda ukuta wa mawe, na kila ngazi ya ukuta huo inakisubiri. Ukitupa karibu sambamba na ukingo, kinapita juu ya kina kilekile safari nzima, na kikinasa unaweza kutembea mpaka upande wa pili wake. Anza kukunja mshipi mara tu chambo kinapogusa maji, fimbo ikiwa juu. Kijiko cha chuma, yaani chambo bandia cha bati linalong'aa, ukikiacha kizame hata kwa sekunde chache kwenye mita moja ya maji, kimeshafika chini.

Kuhusu vyambo bandia vyenyewe: samaki wa plastiki anayeelea mwenyewe ni bora kuliko anayezama, kwa sababu ukilegeza mshipi yeye hupanda. Ndoana za matawi matatu anazokuja nazo dukani zitoe kwenye vipete vyake, uweke ndoana moja moja. Unapunguza sana nafasi ya kushika jiwe, na samaki ukimpata unamtoa haraka. Mnyoo wa mpira fungia ndoana ikiwa imerudishwa ndani ya mpira, ncha ifunikwe kidogo tu. Samaki akiuma itatokeza.

Hapa kuna mabishano ya zamani. Wengine wanataka mshipi dhaifu ili ukatike haraka na maisha yaendelee. Mimi siungi mkono, angalau kwa vyambo vya bei. Nataka mshipi wenye nguvu na ndoana ya waya mwembamba, ili kikinasa kabisa ndoana inyooke, chambo kirudi, nami niikunje tena kwa koleo. Jaribu nyumbani: chomeka ndoana kwenye gogo, vaa kitambaa mkononi, kinga macho, uvute kwa mshipi uleule unaovulia. Mshipi ukikatika kabla ndoana haijaanza kunyooka, ndoana hiyo ni ngumu mno kwa mawe yetu.

Kwa chubwi kanuni inageuka. Chubwi lifungwe kwa kipande cha uzi dhaifu cha sentimita 20 au 30, pembeni, lisiwe kwenye mshipi wenyewe. Likibanwa, uzi huo unakatika, unapoteza chubwi tu na ndoana inarudi na samaki wake. Na kwa kuwa utakuwa unapoteza machubwi, usinunue ya risasi. Risasi ni sumu, na hayo ni maji ya watu ya kupikia. Nenda kwa fundi wa pikipiki yeyote, omba buji kuukuu, zile plagi anazotupa kila siku. Mji huu una pikipiki za kutosha kutulisha buji sote. Ni nyembamba na ndefu, hivyo hazibanwi kwenye nyufa kirahisi kama risasi ya duara. Usifunge kipande cha jiwe la volkano badala yake. Kile kikwaruzo chake kinashikamana na kila kitu.

Anayevua kwa mnyoo au donge la ugali hahitaji kugusa chini kabisa. Kata kipande cha kandambili kuukuu, kipitishe kwenye mshipi kiwe boya, na urekebishe mpaka ndoana ining'inie shibiri moja juu ya mawe. Kupima kina, ning'iniza buji kwenye ndoana kwanza: boya likizama, kina ni kirefu kuliko ulivyodhani, likilala ubavu, umezidisha mshipi. Niseme ukweli, kwa tilapia hii ndiyo njia. Tilapia wa hapa anakula mwani na vidudu, hana shughuli na kijiko chako kinachong'aa. Chambo bandia kidogo kitakupa furu, wale samaki wadogo wa mawe, na ukibahatika yule mwindaji mwembamba ambaye wataalamu humwita Raiamas moorei, afukuzaye samaki wadogo karibu na uso wa maji.

Imenasa: fuata mpangilio huu

1. Simama, legeza. Toa mita mbili tatu za mshipi, uuache ulale majini. Chambo kinachoelea mara nyingi kitajinasua chenyewe kikivutwa juu na wepesi wake na kutikiswa na mawimbi. Ngoja mawimbi kadhaa yapite. Ndiyo hatua inayofanya kazi kuliko zote, na ndiyo watu hawana subira nayo.

2. Tikisa bila kuvuta. Ulegevu ukiwa bado upo, piga ncha ya fimbo juu chini kwa haraka, mapigo mafupi. Lengo ni uzito wa chambo urudi nyuma na kuichomoa ncha.

3. Piga mshipi kama uzi wa gitaa. Kaza mshipi, fimbo ikielekea juu na kupinda kidogo. Kwa mkono wa pili shika mshipi kati ya kigurudumu na pete ya kwanza ya fimbo, uvute pembeni, kisha uuachie ghafla. Mtetemo unafika chini, na kile kitendo cha kukaza na kuachia kwa wakati mmoja huirusha ndoana nyuma. Rudia mara tano au sita. Anayevua kwa mkono anaweza kufanya vilevile kwa kuukaza mshipi kwa mkono mmoja na kuupiga kwa mwingine.

4. Hama. Tembea ukingoni huku ukiachia mshipi, ufike upande wa pili wa jiwe, kisha vuta polepole kutoka huko. Kama uliutupa sambamba na ukingo kama nilivyosema, hapa ndipo utashukuru. Kama jiwe linaingia ziwani na huwezi kulizunguka, panda juu kadiri uwezavyo na unyanyue fimbo. Hata pembe ya juu kidogo inasaidia. Chubwi lililobanwa na mshipi uliozunguka jiwe, mara nyingi suluhisho ni hapa.

5. Tumia upepo. Usiku na alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka. Ukiwa na upepo wa kwenda ziwani, pachika chupa ndogo ya plastiki tupu kwenye mshipi kwa kitanzi cha waya kinachoteleza, legeza mshipi mwingi, uache chupa isafiri ipite pale chambo kiliponasa. Ukikaza sasa, mshipi unavutia kwenye chupa, yaani kutoka upande wa ziwa. Si kila mara inakubali. Na chupa lazima irudi nawe. Plastiki ziwani tunayo ya kutosha.

6. Mwanzi. Kama kimenasa mita tatu au nne kutoka ulipo, kata mwanzi mrefu, funga kitanzi cha waya mgumu mwishoni, pitisha mshipi ndani ya kitanzi, usukume mpaka ufike kwenye chambo, halafu sukuma kuelekea ziwani. Usitumie ncha ya fimbo yako kama mwanzi. Fimbo nyingi huvunjika hivyo kuliko zinavyovunjwa na samaki.

7. Kufuli. Chukua kufuli kuukuu zito, lisilo na ufunguo hata kidogo, ila linalofungika. Lifunge kamba imara ndefu, kisha lipachike juu ya mshipi ulionasa na kulifunga. Nyanyua fimbo, kaza mshipi, achia kufuli liteleze. Likigonga pua ya chambo, kaza na kulegeza mara kadhaa. Mara nyingi kishindo chake tu kinatosha. Lisipotosha, vuta kufuli kwa kamba yake, huenda likabeba ndoana yenyewe. Kufuli linafanya kazi vizuri zaidi ukiwa juu ya chambo, kwa mfano ndani ya mtumbwi. Kutoka ukingoni, kwenye maji mafupi, mshipi umelala sana na kufuli linaweza kukwama njiani, kwa hiyo usilitumie bila kamba yake. Mwenye mtumbwi akipita, mwombe. Wavuvi wa Kituku, soko la ukingoni mwa ziwa, hawamnyimi mtu msaada wa dakika mbili, hasa ukiwa na salamu nzuri.

Kuingia majini

Huenda ukashawishika kuingia na kuichomoa kwa mkono. Inawezekana, kwenye maji ya magoti au kiuno, mchana, ukiwa na viatu vinavyofungwa. Kandambili hapana. Jiwe hili linakata na mwani wake unateleza. Fuata mshipi kwa mkono lakini usiubane. Mtu akiuvuta kwa nyuma wakati kidole chako kiko kwenye ndoana, utajua. Usiogelee kufuata chambo, na usivuke ule mpaka wa buluu niliousema.

Jambo la pili ni mazuku. Wenyeji wa upande wa magharibi, kuelekea Sake, wanalijua. Mgeni anaweza asiambiwe. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyo na harufu, inayotuama kwenye mashimo na mabonde madogo ya mawe, zaidi usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Huo ndio wakati wavuvi wanapenda, na kuinama kati ya mawe kutafuta ndoana ndiko kuinama ndani yake. Ukiona wadudu, mijusi au ndege wamekufa ndani ya shimo, usishuke hata kama chambo chako kiko pale kinaonekana. Mwenzako akianguka humo, usimfuate kwa kushuka. Mvute kwa kamba au mwanzi kutoka juu, na uite watu.

Ikibidi kukata

Hapa ndipo watu huumia. Mshipi uliokazwa ukikatika, au ndoana ikiachia ghafla, chambo na ndoana zake hurudi kwa kasi kuelekea usoni mwako. Kwanza waondoe watoto nyuma yako. Wapo siku zote, wanatazama. Vaa miwani yoyote. Elekeza fimbo moja kwa moja kwenye chambo, isipinde, funga kigurudumu, geuza uso, urudi nyuma hatua moja moja. Anayevua kwa mkono azungushe mshipi kwenye kipande cha mti, mara tano au zaidi, avute kwa mti huo. Kamwe usiuzungushe kwenye kiganja. Mshipi wa kusukwa unakata nyama kabla haujakatika wenyewe.

Vuta kwa nguvu moja isiyobadilika, bila kukurupua. Nguvu tulivu inaipa ndoana nyembamba nafasi ya kunyooka. Na ukifunga kipande cha mwisho, kile cha karibu na chambo, kwa mshipi dhaifu kidogo kuliko mkuu, utakatikia huko chini na sehemu kubwa ya mshipi itarudi kwako. Usikate kwa kisu pale uliposimama na kuacha mita 20 ziwani. Hizo ndizo zinazofunga miguu ya mnandi na mdiria, na kuingia kwenye injini za mitumbwi.

Pale watu wanapochota maji au kuoga, mimi sikati, hata jua lizame. Na kama imeshindikana, nawaambia wanaochota: jiwe lile, upande ule.

Baada ya kuitoa

Usitupe tena mara moja. Pitisha mita mbili za mwisho za mshipi kati ya midomo au kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo wowote, kata na ufunge upya. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu joto la kukaza fundo kavu huudhoofisha mshipi. Angalia ncha ya ndoana: ikiteleza juu ya ukucha badala ya kushika, inoe kwa tupa ndogo. Ndoana iliyonyooka ukiikunja mara moja inafaa, mara ya pili kwa shida, ya tatu itupe, lakini kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye mawe.

Ndoana ikiingia mwilini na chembe imepita, usiivute kwa kurudi. Kama ni kidole au mkono na haikuingia ndani sana, pitisha mshipi imara kwenye mpindo wa ndoana, mwenzako agandamize shina lake chini kuelekea ngozi, kisha uvutwe kwa ghafla sambamba na ngozi. Jicho, uso, shingo, maungio ya mifupa: usiguse chochote, kata mshipi, nenda kituo cha afya hivyohivyo. Na kila jeraha la ndoana lichukulie kwa uzito wa pepopunda. Ulizia sindano yake.

Mwishoni mwa kiangazi, mvua kabla hazijashika, maji ya ziwa huwa yameshuka na mawe yaliyokuwa chini huchungulia. Pita siku hiyo na koleo, viatu na lile kopo. Utaokota vyambo ulivyovililia Aprili, vya majirani zako, na machubwi ya kutosha msimu mzima. Vipete hubadilishwa, ndoana zenye kutu hutupwa koponi, na samaki wa plastiki akisuguliwa kwa majivu anarudi kazini.